Deki ya DVD: yanayosemwa dukani na yaliyo kweli

Ukiuliza bei ya deki siku hizi, hutakosa mtu wa kukwambia kwamba DVD imekwisha zamani, na kama lazima ununue basi chukua yoyote, zote ni mamoja. Si kweli. Fungua kabati la sebuleni, iwe Majengo au Kisauni hapa Mombasa, uone kilichomo: harusi ya dada mkubwa, usiku wa kupamba kwenye diski yake, kaswida za Maulidi, taarab za zamani. Nyingi katika hizo huzipati kwenye intaneti, na kuzitazama hakuli bando. Deki ya kuzichezesha inahitajika bado, na deki hazifanani hata kidogo.

"Diski ikiwa orijino, itacheza kwenye deki yoyote."

Hili ndilo linalowatia hasara wengi. DVD zilipoanza kuuzwa, Japani mwaka 1996 kisha Marekani 1997, kampuni za filamu ziliigawa dunia katika maeneo yenye namba. Marekani na Kanada ni 1. Ulaya, Japani, Mashariki ya Kati, Misri na Afrika Kusini ni 2. Kenya imo kwenye 5, pamoja na India, Urusi na sehemu kubwa ya Afrika. Namba hiyo huchapishwa nyuma ya kasha la filamu, ndani ya alama ndogo ya tufe, na deki nayo huwa na yake. Kwa hivyo deki aliyokuletea shemeji kutoka London huenda imefungwa kwenye 2, na filamu ya India yenye 5 ukiitia, itakataa na kukuandikia kwenye skrini kwamba eneo silo. Hapo diski haina kosa, na deki haijaharibika. Tafuta deki iliyoandikwa ALL au 0, yaani inayocheza diski za maeneo yote.

Ile DVD ya harusi aliyokuchomea mpiga video kwa kawaida haina namba yoyote. Shida yake ni nyingine: diski ya kuchoma hurudisha mwanga mchache kuliko ya kiwandani, na lenzi dhaifu hushindwa kuisoma. Rangi inayobeba picha ndani yake pia huharibiwa na joto na jua. Nawasihi wenye harusi zao kwenye diski moja tu: toeni nakala kwenye kompyuta leo.

Linalofanana na hilo ni suala la PAL na NTSC, mifumo miwili ya picha za TV. Kenya tulitumia PAL, Marekani NTSC. Deki ikitoa NTSC kwenye TV ya zamani isiyoijua, picha hurukaruka au hugeuka nyeusi na nyeupe, na mtu akakimbilia kwa fundi. Mara nyingi dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya deki na kuchagua PAL. Na iliyotoka Marekani iangalie mgongoni kabla hujaichomeka: ikiwa imeandikwa 120V pekee, umeme wetu wa 240V utaiunguza.

"Ikiwa na HDMI ya 1080p, DVD itakuwa kama HD."

Haitakuwa. HDMI ni tundu tu la kupitishia picha na sauti hadi kwenye TV. Picha ya DVD ya PAL ina nukta 720 kwa 576. Skrini ya HD kamili, ndiyo hiyo 1080p, ina 1920 kwa 1080, yaani mara tano ya hizo. Deki hujaza nafasi kwa kukisia, na TV mpya hufanya kazi hiyohiyo yenyewe. HDMI ina faida, kwa sababu waya ni mmoja na picha hutulia kuliko ile ya waya wa manjano. Lakini usilipie waya ghali wenye rangi ya dhahabu. Kwa mita moja au mbili, wa bei ya kawaida unaofanya kazi unatosha. Na diski ya Blu-ray, ile ya filamu za HD, haichezi kwenye deki ya DVD hata ukiibembeleza, ingawa deki ya Blu-ray hucheza DVD.

Sasa hizi wati. Pita Mwembe Tayari utazame maboksi ya home theatre, yaani deki na spika zake: 3000, 5000, tena kwa herufi kubwa, na pembeni PMPO kwa herufi ndogo, yaani kilele cha kitambo tu cha kwenye karatasi. Geuza mashine usome kibandiko cha nyuma. Ukikuta inakula wati 60 kutoka ukutani, haiwezi kukutolea sauti ya wati 5000 sebuleni. Uliza RMS, yaani wati inazoweza kutoa mfululizo. Muuzaji asiyeijua au asiyetaka kuisema, ondoka. Hili linaniudhi, maana watu wanatoa pesa za jasho kwa namba isiyo na maana.

Tundu la USB nalo halimaanishi kwamba kila filamu ya flashi itacheza. Video huhifadhiwa kwa namna mbalimbali: deki nyingi husoma DivX na MPEG-4 za zamani, za H.264 na H.265 zinazosambazwa sasa huzikataa, na nyingi hutaka flashi iliyoandaliwa (format) kwa mpangilio wa FAT32.

Deki ikianza kukwama, usikubali haraka kwamba lenzi imekufa. Hapa pwani unyevu na chumvi ya hewa hushikana na vumbi juu ya lenzi. Mara nyingi kuisafisha polepole kwa pamba na spiriti safi, waya ukiwa umechomolewa, kunatosha.

Ukienda kununua, beba diski zako: moja ya kuchoma, ile kongwe, na moja ya orijino. Deki ichomekwe mbele yako. Usiridhike na dakika za mwanzo, kwa sababu diski husomwa kuanzia katikati kwenda ukingoni. Ruka mpaka sehemu ya mwisho ya filamu uone kama picha inaganda. Ikiganda, omba nyingine au rudi na pesa zako.