Mwizi wa Desemba anaijua ratiba yako

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mkaguzi wa polisi ngazi ya kata, hapa hapa Dar, na watu wakisikia polisi wanafikiri nashinda nakimbizana na majambazi bunduki begani, wapi, siku zangu nyingi zinaishia kwenye vikao vya serikali ya mtaa, kwenye vijiwe vya bodaboda na kwenye frem za watu tunaongea ulinzi. Ikifika Desemba sasa, simu haipoi. Ndio maana safari hii nimeamua niandike mapema, sio tarehe 27 watu wakiwa wameshalizwa.

Kuna kitu nakiona kila mwaka. Mwizi wa sikukuu anakuja akiwa na taarifa zako. Anajua unasafiri lini, unafunga duka saa ngapi, hela unabebea kwenye nini na unapita wapi. Na ukifuatilia vizuri unakuta hizo taarifa hakuziiba popote, alipewa, tena na wewe mwenyewe.

Ngoja niwape mfano. Kuna familia huku upande wa Kimara, watu wa Rombo, na mnajua Mchaga na Desemba, hata awe na madeni lazima Krismasi akaile kwao. Waliondoka alfajiri ya tarehe 21. Bodaboda wa kijiweni aliwabebea mabegi mpaka stendi ya Magufuli pale Mbezi, wakaingia kwenye basi, na kabla halijatoka getini mama akaweka stetasi, familia nzima imekaa kwenye siti inacheka, na maneno chini "Dar tuonane mwakani". Wanarudi tarehe 2 Januari, geti limefungwa, kufuli lipo vilevile. Kumbe dirisha la jikoni huko nyuma nondo zimepanuliwa na jeki ya gari, zile ndogo za kawaida. Tv hamna, sabufa hamna, mtungi wa gesi hamna, mpaka mapazia ya sebuleni wamechomoa. Lakini mimi kilichonikaa kichwani ni sufuria. Pale jikoni kulikuwa na sufuria ya wali imeshika ukoko, pembeni sahani tatu na miiba ya samaki. Yaani jamaa walipika kwa gesi ya mama, wakala, wakamaliza ndio wakaubeba mtungi. Mwizi asiyejua unarudi lini hawezi kuinjika wali.

Nilipokaa na yule mama nikamuuliza nani alijua mnasafiri, akasema hakuna. Tukaendelea kuongea taratibu, akaanza kukumbuka mmoja mmoja, dada wa saluni aliyemsuka siku mbili kabla, fundi aliyekuja kurekebisha bomba, bodaboda, muuza genge aliyemwambia asimwekee tena mchicha mpaka Januari, alafu hiyo stetasi yenyewe watu zaidi ya mia. Sasa mimi naanzia wapi hapo?

Kwahiyo picha za ndafu na za mlima ziwekeni mkisharudi, hazichachi. Na kama kuna watu lazima wajue, basi wawe jirani mmoja mnayeaminiana na mjumbe wenu, hao wawili wana kazi ya kufanya. Jirani mwachie kazi maalum, usimwambie tu "niangalizie nyumba", hilo neno halina maana, mwambie asubuhi azime taa ya nje, jioni awashe, na majani ya mwembe yakijaa getini afagie. Hii ya taa naomba mnisikilize. Watu wengi wanaondoka wanaacha taa ya nje inawaka wiki mbili wakijua wanamtisha mwizi. Usiku sawa. Sasa saa nne asubuhi, jua kali, taa yako inawaka, kesho yake inawaka, keshokutwa inawaka, wewe huoni kwamba umebandika tangazo? Kama jirani hayupo nunua ile taa ya sola inayojizima yenyewe kukikucha.

Ukipata mtu wa kulala ndani ni bora zaidi, mpwa aliyefunga chuo au kijana wa shangazi, ila mpeleke kwa mjumbe ajulikane, maana tumeshawahi kumkurupusha mtu usiku kumbe mwenyeji. Na wadada wa kazi wengi Desemba wanaenda kwao, unaletewa mwingine na dalali, jina moja tu, hata kitambulisho hujaona, kesho yake unamwachia funguo na watoto. Sisemi wadada wa kazi ni wezi, hapana, wengi ndio wanalinda hizo nyumba kuliko wenye nazo, nasemea haraka yetu sisi. Piga picha kitambulisho chake, jua kwao wapi, ongea na mtu wa kwao kwa simu, ndio umkabidhi nyumba.

Kwa mnaobaki mjini msijione mmepona. Joto la Desemba hapa Dar mnalijua, madirisha yako wazi usiku kucha, simu iko kwenye chaji juu ya kingo ya dirisha, suruali imetundikwa kwenye msumari. Kuna vijana wana mti mrefu una ndoano mbele, wembe unachana nyavu, mti unaingia kimya kimya, unasikia feni tu inazunguka. Asubuhi suruali unaikuta nje ya uzio mifuko imegeuzwa. Dawa yake haina gharama, sogeza vitu mbali na dirisha, basi. Na mkesha wa tarehe 31 nyumba nzima mnaenda kanisani mpaka saa saba usiku wakati fataki zinalia mtaa mzima, mlango ukipigwa teke nani atasikia? Gawaneni, wawili wabaki, au mwombeni jirani Muislamu awaangalizie na nyie Idd mtamrudishia hisani, mitaa mingi wanafanya hivyo na inasaidia sana. Ulinzi shirikishi sio lazima kirungu na filimbi.

Haya, biashara. Juzi nilisimama makusudi ng'ambo ya barabara namwangalia wakala mmoja wa pesa anavyofunga. Saa tatu na dakika kumi usiku. Akashusha shata nusu, taa ndani inawaka, akawa anahesabu hela pale pale kaunta, wekundu wa Msimbazi, zile noti za elfu kumi, akawapanga peke yao, akafunga raba bendi, akaingiza kwenye kibegi cha mgongoni, bodaboda wake anamsubiri, yule yule wa siku zote, sehemu ile ile. Nikavuka nikamsalimia, nikamwambia dada, mimi nimekaa pale robo saa tu na nimeshajua una kama milioni tatu na unaelekea Mabibo. Akacheka. Alafu akaacha kucheka.

Mawakala na wenye maduka ya jumla, mwezi huu mauzo yanapanda na macho yanaongezeka. Hela isisubiri usiku, mchana ukiona imejaa peleka benki au kwa wakala mkuu hata mara mbili kwa siku, usiku ubaki na chenji. Hesabu shata likiwa chini kabisa. Badilisha saa ya kufunga, leo saa mbili kesho saa moja na nusu, badilisha bodaboda, badilisha njia, ukizoeleka umekwisha. Na kama ni mzigo mkubwa wa hela njoo kituoni uombe askari wa kukusindikiza, huduma ipo, watu hawaitumii alafu wanakuja kuniambia walikuwa wanaona aibu, aibu ya nini sasa? Ikitokea umevamiwa mwenzako ana panga au bastola, toa hela. Unyang'anyi wa kutumia silaha sheria yetu kifungo chake kinaanzia miaka 30, lakini hiyo miaka yake haikurudishii mkono wako.

Upande wa malipo ya simu, wauzaji mnapigwa kizembe. Mteja anakuonyesha simu yake, meseji ya muamala hiyo hapo, jina lako hilo hapo, unampa mzigo anaondoka. Ndugu yangu hela yako inaingia kwenye simu yako. Kama kwako haijalia, hujalipwa, hata kama ana haraka, hata kama mgonjwa wake yuko Muhimbili. Na hiyo meseji hata ikiingia kwako angalia imetoka wapi, wengine wanakutumia kwa namba ya kawaida imeandikwa vilevile neno kwa neno, we tazama salio ndio utajua. Na kile kibao cha lipa namba ulichobandika ukutani kikague kila asubuhi, kuna mahali tulikuta mtu kaja kabandika ya kwake juu, muuza chipsi kauza siku nzima hela zinaenda kwa mwingine, na yeye alikuwa anajua mtandao ndio unasumbua.

Noti bandia nazo msimu wake ndio huu, zinapenda kuja jioni kwenye foleni, mteja ananunua kitu cha elfu mbili anatoa elfu kumi. Iinue kwenye mwanga, lazima uione sura ya Mwalimu Nyerere ndani ya karatasi, alafu pitisha kidole, noti halali ina mikwaruzo ya maandishi yaliyoinuka, ile nyingine inateleza kama karatasi ya daftari. Ukishaipokea usiisukumie kwa kondakta ili nawe usipate hasara, hapo umeshaingia kwenye kosa. Lete kituoni au benki.

Na wale vijana wa kuongeza nguvu dukani wa wiki mbili, chukua namba ya NIDA na mdhamini, ila funguo usimpe. Hapo sina la kuongeza.

Sasa kwenye shopping. Kariakoo Desemba, Mtaa wa Kongo na Msimbazi pale unatembea kwa kubebwa na watu. Kuchomolewa simu kunatokea zaidi sehemu mbili, penye msukumano na pale unapopigwa butwaa, mtu kamwaga maji, watu wanagombana, umegeuka kuangalia. Ugomvi wa Kariakoo ukiuona kwanza shika mfuko wako, kuangalia baadae. Kwenye mwendokasi ndio wana mchezo wa mlangoni, wanasukumana na nyie kama wanapanda, mlango unakaribia kufunga wanarudi nyuma wanabaki kituoni, wewe uko ndani unaenda Kimara na simu imebaki kituo cha Gerezani. Ukimuona mtu anasukuma kwa nguvu na hana haraka ya kuingia, huyo. Na ukiwa barabarani usiongee na simu upande wa bodaboda zinapopita, vishandu, wale wezi wa pikipiki, wanakwapua wakiwa kwenye mwendo, na pochi ukiivaa msalaba usishindane nao, kuna mama aliburuzwa kwenye lami kwa ajili ya pochi yenye elfu nane na miwani.

Kuna la mawinga pia, wale madalali wa kukutafutia bidhaa. Winga wa kweli ni msaada, anakupeleka dukani unalipa dukani. Wa uongo anakwambia nipe hela nikakuchukulie stoo ghorofa ya tatu, we subiri hapa kwenye ngazi. Utasubiri. Jengo lina milango minne. Wale wa simu za bei chee za mkononi ndio usiseme, unaonyeshwa simu nzima inawaka, unalipa, unafika nyumbani unafungua ni kipande cha sabuni kimefungwa vizuri kwa solotepu. Watu wazima, wasomi, wanakuja kituoni na sabuni. Hata sisi inabidi tujikaze tusicheke.

Alafu meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" mwezi huu zinakuja na sura ya mwenye nyumba, kwasababu wanajua watu wengi kodi inaisha Desemba. "Habari, mimi baba mwenye nyumba wako, simu yangu imeharibika." Mpigie kwa namba unayoijua wewe, hata kama imezimwa subiri iwashwe. Na anayejifanya mtoa huduma wa mtandao wako, kampuni za simu zinakupigia kwa namba 100, nyingine zote ni matapeli, na namba ya siri hawakuombi. Tapeli akikutumia meseji usiishie kumtukana, tuma neno UTAPELI kwenda 15040 ufuate maelekezo namba ifungiwe. Na piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, kuna mzee alikuta laini tatu asizozijua, moja ilikuwa inatapeli watu mkoani.

Ukirudi ukakuta umevunjiwa, najua uchungu unaingia, lakini usianze kufagia na kupanga vitu, usishike kitasa, usiite mtaa mzima uingie uangalie. Toka nje, piga 112 au mpigie mkaguzi wa kata yako moja kwa moja, ukienda ofisi ya serikali ya mtaa watakupa namba yake. Unafungua taarifa unapewa RB, yaani namba ya taarifa yako, na RB hailipiwi. Kuvunja nyumba ya kuishi ni mpaka miaka 14, ikiwa usiku mpaka 20, na wewe unayenunua tv ya laki moja na nusu Januari kwa mtu asiye na risiti, sheria ina kifungu chako pia.

Kuna siku tulikamata mali, tv tatu za inchi 43 zimefanana kama mapacha. Walikuja watu watatu. Mmoja alikuja na boksi lake, namba ya boksi na namba ya nyuma ya tv zikalingana, akasaini akaondoka nayo siku ile ile. Wale wawili walibaki wanatuonyesha mikwaruzo, "afande yangu ilikuwa na alama hapa pembeni", na kila mmoja anaonyesha tv ile ile. Kwahiyo sasa hivi kabla hujafunga hii, piga *#06# andika hizo namba zinazotokea, ndio utambulisho wa simu yako, geuza tv piga picha ile karatasi ya nyuma, na vyote mtumie mtu mmoja unayemwamini asiyekaa na wewe. Za kwangu ziko kwa shemeji yangu Tanga.