Grafu ya mtawanyiko: kusoma uhusiano wa vigeu viwili

Katika grafu ya mtawanyiko, kila nukta hubeba vipimo viwili vya kitu kimoja. Chukua miji: mhimili mlalo uwe mwinuko kutoka usawa wa bahari, mhimili wima uwe wastani wa halijoto ya mwaka. Dar es Salaam na Mombasa zitakaa juu upande wa kushoto. Dodoma, yenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, itakuwa chini yake kidogo. Mbeya na Nairobi, zilizo karibu na mita 1,700, zitaangukia chini kulia. Nukta zinateremka kuelekea kulia, yaani kigeu kimoja (kitu kinachopimwa, kama mwinuko) kikiongezeka kingine hupungua. Huo ni uhusiano hasi. Zingekuwa zinapanda, ungekuwa chanya. Zikitapanyika kama mtama uliomwagika sakafuni, hakuna uhusiano wa kuonekana.

Usitegemee mstari ulionyooka. Hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kila upandapo mita 1,000, lakini mawingu, upepo na umbali kutoka ikweta navyo huisogeza kila nukta kivyake. Nukta zikibanana karibu na mstari, uhusiano ni imara; zikiachana, ni dhaifu. Wengi hukosea hapa kwa kutazama ukali wa mteremko, ilhali mteremko huo unaweza kuulaza au kuusimamisha kwa kubadili skeli tu.

Je, si rahisi zaidi kukokotoa kipimo cha uhusiano, ile namba moja inayoanzia −1 (hasi kabisa) hadi 1 (chanya kabisa), tukaachana na michoro? Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alitunga seti nne za data, kila moja ina nukta 11. Zote zina wastani uleule na kipimo kilekile cha takriban 0.82. Ukizichora, ya kwanza ni mtawanyiko wa kawaida, ya pili ni tao, ya tatu ni mstari mnyoofu wenye nukta moja iliyoasi, na ya nne ni nukta 10 zilizosimama wima huku moja ikijitenga mbali. Mimi huchora kwanza, ndipo nikokotoe.

Mchoro nao hausemi nini kimesababisha nini. Linganisha wilaya kwa mavuno ya viazi mviringo na mauzo ya masweta: huenda nukta zikapanda vizuri tu. Sweta halioteshi kiazi. Kinachoongoza vyote viwili ni baridi ya nyanda za juu, kama kule Njombe, na kigeu hicho hakimo kwenye mhimili wowote.