Jamani, hiyo memori kadi mliyoifuta acheni kwanza kuigusa

Huyu wa leo ni wa tatu ndani ya wiki moja. Mpiga picha wa harusi, kaja na kadi yake hapa Mwanga, Kigoma, kafomati akidhani picha za harusi ya Gungu ameshazihamishia kwenye laptopu. Nikamuuliza, baada ya kufomati ukafanya nini? "Hamna kitu fundi, nilipiga kipaimara kidogo tu Jumapili, nione kama kadi ni nzima." Hicho kidogo ni GB 20, kwenye kadi ya GB 32!

Watu wanaamini fundi ana programu, kwa hiyo hata ukiendelea kutumia atarudisha tu. Sio hivyo. Ukifuta faili au ukafomati ile ya haraka ni kama mhudumu wa gesti kafuta jina lako kwenye daftari, wewe bado umelala chumbani na begi lako liko chini ya kitanda, ila akija mteja mwingine anapewa ufunguo wa chumba hichohicho na hapo ndo unatolewa kweli. Kila picha mpya ni mteja mpya. Ya huyu jamaa kanisani kote kumeliwa na kipaimara, nimeanza kuona picha ukumbini, keki na wajomba wanacheza. (Nimesema fomati ya haraka, ile ndefu ya Windows kuanzia Vista inaandika sifuri diski nzima, hapo nakukaribisha chai tu.)

Na wale wa laptopu ndo mnanimaliza kabisa, umefuta folda la ofisi, unaingia YouTube, unashusha programu ya kurikava halafu unaiinstoli kwenye diski ileile iliyofutwa, yaani umempeleka mteja mpya chumbani kwa mkono wako mwenyewe. Zenye SSD, zile diski za kisasa zisizo na sahani inayozunguka, ni mbaya zaidi, kuna kitu kinaitwa TRIM, diski ikishaambiwa faili limefutwa inajisafisha yenyewe hata usipoandika kitu. Zima mashine. Kadi itoe, funga kwenye karatasi, weka mfukoni, njoo.

Mengine haraka haraka. Simu ukiiriseti vilivyokuwemo havirudishwi, nyingi zilizotoka na Android 6 ya 2015 kuja huku zinafunga vitu vyako kwa ufunguo na ukiriseti ufunguo unatupwa, usinibembeleze. Ukifuta picha ndani ya Google Photos inafutika na kule juu mtandaoni pia, iliyokwisha kupanda inakaa kwenye pipa siku 60 basi. Diski inayogonga tak tak usiiweke kwenye friji eti ipone, unaiongezea maji tu.

"Mimi bakapu ninayo." Umewahi kuifungua? GitLab, kampuni inayotunzia watu kodi za programu zao, mainjinia watupu, tarehe 31 Januari 2017 mtu wao alifuta data kwenye seva isiyo yenyewe, wakakimbilia bakapu, njia tano walizokuwa nazo hakuna iliyofanya kazi ya kuaminika, kilichowaokoa ni kopi ambayo mmoja wao aliichukua kwa mkono kama saa sita kabla, kwa shughuli zake nyingine. Sasa wewe na flashi yako moja ya kwenye funguo za bodaboda?

Yule wa harusi nimemwambia aniachie kadi, nimetoa kopi yake nzima kwanza ndo nikaanza kuchimba. Ananiuliza, fundi nitaipata kabla ya Jumamosi, nina sendofu Kibirizi.