Bully 2 haipo, hata kama CD yako imeandikwa hivyo

Juni na Julai, baridi ya Mbeya inapokaza, kibanda changu cha gemu hapa Mwanjelwa hujaa tangu asubuhi, na mimi ambaye kazi yangu ni kutengeneza mashine na kuwawekea watu gemu hujikuta nikigeuka mwalimu wa somo moja lisilokwisha. Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mbalizi aliingia, akasema, "Shikamoo fundi," na kabla sijaitikia marahaba alikuwa amekwisha kuchomoa CD kutoka ndani ya sweta. Jalada lake lilikuwa la fotokopi, na juu yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: BULLY 2. Alitaka nimhamishie kwenye flashi.

Nimeyasikia haya mara nyingi kupita kiasi, kwa hiyo nayaandika. Bully, gemu ya maisha ya mwanafunzi mtukutu shuleni, ilitengenezwa na kampuni ya Rockstar Vancouver na kutoka Oktoba 2006 kwa ajili ya mashine ya PlayStation 2, na tangu mwaka huo haijatoka Bully ya pili kwenye mashine yoyote. Kinachowachanganya wateja wangu ni kwamba gemu hiyo moja imeuzwa kwa majina kadhaa. Ulaya iliingia sokoni ikiitwa Canis Canem Edit, maneno ya Kilatini yenye maana ya "mbwa humla mbwa", ambayo ndiyo kaulimbiu ya Bullworth, shule ambamo hadithi yote inatokea. Mwaka 2008 ikaja Scholarship Edition, ambayo iliongeza misheni (kazi anazopewa mchezaji) chache na masomo manne, yaani baiolojia, jiografia, hisabati na muziki. Mwaka 2016 ikaletwa kwenye simu kwa jina la Anniversary Edition. Anayekuuzia mojawapo ya hizo kama namba mbili anakuuzia ulichonacho tayari.

Niliiweka CD ya yule kijana kwenye mashine mbele yake. Yakatokea maandishi ya Kilatini, kisha gari, na ndani yake Jimmy Hopkins, mwanafunzi unayemchezesha, akiwa na mama yake na baba wa kambo, wakimpeleka Bullworth wakamwache ili wao waende fungate. Nikamuuliza kama hapo hajawahi kupaona. "Nimepaona fundi, lakini hii mwanzo wake umeandikwa tofauti." Kweli, ulikuwa umeandikwa tofauti, ndilo jambo pekee lililokuwa tofauti.

Ugonjwa huu umeanzia kwenye gemu za mpira, yaani PES na FIFA. PES ya mwisho kutengenezwa na kampuni ya Konami kwa PlayStation 2 ni ya 2014, iliyotoka Novemba 2013, na FIFA ya mwisho kwa mashine hiyo ni FIFA 14. Zote mnazoziona zikiwa na miaka ya mbele zaidi ni faili za zamani zilizofunguliwa na mafundi wa mitaani, wakabadilisha jezi, majina, nyuso na picha ya mwanzo, kisha wakazichoma upya. Siidharau kazi hiyo, kwa sababu ina ufundi na subira yake, na mimi mwenyewe nawawekea wateja. Hata hivyo mwendo wa mpira ni ule ule, na kipa anafungwa kwa krosi ile ile aliyofungwa nayo miaka kumi iliyopita. Mtu aliyelelewa na CD hizo huamini kwamba gemu mpya ni jalada jipya, na ndiyo maana hashangai Bully 2 inapotokea mezani bila kutangazwa na yeyote.

Inaniuma zaidi kwa kuwa Bully inastahili mwendelezo kuliko gemu nyingi zilizoupata. Ina mji mdogo ambao mchezaji anaufahamu kichochoro kwa kichochoro, makundi ya wanafunzi yenye uhasama wao, viranja wanaomkimbiza anayetoroka kipindi, na majira yanayobadilika kadiri hadithi inavyosonga. Yote hayo yametumika kwa mwaka mmoja tu wa shule ya Jimmy.

Wanaodai kwamba Def Jam: Fight for NY ya 2004, gemu ya kupigana, ilinyimwa namba mbili nawajibu kwa kifupi: hiyo yenyewe ndiyo namba mbili, kwa kuwa Def Jam Vendetta ilitangulia mwaka 2003, na ya tatu, Icon, ilitoka 2007 bila kupita kwenye PlayStation 2, ndiyo maana hamkuiona.

Wengine hudhani namba mbili lazima iendeleze pale hadithi ya kwanza ilipoishia. Hadithi ya Red Dead Redemption, gemu ya wapanda farasi wa Marekani iliyotoka 2010, inatokea mwaka 1911, na Red Dead Redemption 2 ya 2018 inaanza 1899. Namba huhesabu matoleo, haihesabu miaka ya hadithi.

Dhana kwamba gemu ikipendwa mwendelezo utakuja tu inafutwa na Sleeping Dogs ya 2012, gemu ya askari kanzu wa Hong Kong ambayo vijana wangu hawaichoki. United Front Games, walioitengeneza, walifunga milango mwaka 2016, na mapenzi ya wachezaji hayakuwarudisha kazini.

Dhana ya mwisho huja kwa kiburi: "Ya kwanza nimeshaimaliza fundi." Mara nyingi si kweli. Anayelipia nusu saa kwenye kibanda, bila memori kadi, yaani kadi inayohifadhi ulipofikia, huanza upya kila anapokaa. Memori kadi ya PlayStation 2 ina MB 8 tu, lakini nawashauri wateja waitafute kabla ya pedi ya pili, kabla ya CD yoyote, nao hunicheka. Yule kijana wa Mbalizi nilimuuliza huwa anafika wapi. Akasema hufika usiku ule ambao Jimmy anavaa nguo zilizochorwa mifupa, basi. Hapo ni karibu na mwisho wa sura ya kwanza, na sura ni tano kabla ya kiangazi cha mwisho. Nilimrudishia CD yake, nikamwazima memori kadi yangu, tukakubaliana ataileta akishaiona theluji ya Bullworth.