Mifupa Inauma, Leta Maziwa? Dhana Potofu za Fosforasi na Kalsiamu kwa Mgonjwa wa Figo

Shangazi alipoanza kulalamikia magoti na nyonga, ndugu walikuja na maziwa lita mbili na mfuko wa dagaa wa Mwanza. Tayari figo zake zilikuwa zimechoka na alikuwa anasafishwa damu kwa mashine.

"Mifupa ikiuma, aongeze maziwa."
Kalsiamu huenda imepungua kweli, ila tatizo mara nyingi haliko kwenye sahani. Figo zima hutoa fosforasi, madini ya kwenye chakula, iliyozidi kwa mkojo, tena ndilo linaloamsha vitamini D ili utumbo unyonye kalsiamu. Likichoka, fosforasi hubaki kwenye damu na vitamini D hubaki imelala. Hapo tezi nne ndogo za shingoni, paratiroidi, humwaga homoni inayochota kalsiamu kwenye mifupa. Mfupa unaibiwa, ndiyo maana unauma. Maziwa, na dagaa anayeliwa mzima na miiba yake, huleta kalsiamu pamoja na fosforasi tele. Vikizidi vyote viwili, hujijenga kwenye mishipa ya damu na valvu za moyo, vikazikakamaza.

"Anasafishwa mara tatu kwa wiki, ale tu."
Saa nne za mashine huondoa fosforasi isiyozidi gramu moja hivi. Chakula cha kawaida huingiza karibu kiasi hicho kila siku, na zaidi ya nusu yake hunyonywa. Piga hesabu ya siku saba.

"Vidonge vya kalsiamu ni vya mifupa, saa yoyote anameza."
Hapa ndipo shangazi alipokosea miezi mingi: alivimeza usiku, tumbo tupu, akienda kulala. Kwa wagonjwa wengi wa figo, kalsiamu kaboneti hutolewa ili inase fosforasi ya chakula tumboni, itoke na choo. Bila chakula hakuna cha kunaswa, na kalsiamu yenyewe inaingia kwenye damu. Kimezwe katikati ya mlo, kwa kipimo cha daktari. Kujinunulia dukani ni hatari.

"Maharage ni sumu kwa figo."
Si hivyo. Fosforasi ya maharage imefungwa kwenye faiteti, kemikali ya asili ya mbegu, na utumbo wetu hauna kimeng'enya cha kuifungua vizuri, kwa hiyo nyingi hupita tu. Soseji na soda za kola ndizo za kuogopa, maana fosfeti, yaani fosforasi inayoongezwa kiwandani, hunyonywa karibu yote. Soma maandishi madogo ya pakiti, fosfeti huandikwa kwa namba: E338, E450, E451, E452. (Potasiamu ya maharage, madini mengine ya kuangaliwa, ni kesi nyingine: loweka, chemsha, mwaga maji.)

"Hawashwi ngozi, basi fosforasi iko sawa."
Hupanda kimyakimya. Kipimo cha damu ndicho kinachosema.

Siku hizi shangazi hufunga kidonge kwenye pindo la kanga. Akialikwa pilau, hulifungua fundo kabla hajanawa mikono.