Kupiga mbizi wawili wawili: usikodolee yale maji tu

Watu wengi wakicheki daivingi ya wawili kwenye Olimpiki, yani wawili wanaruka pamoja toka juu mpaka majini, wanasubiri waingie tu, maji yakiruka kidogo wanapiga makofi, yakiruka mengi basi "wamefeli hao". Hapana jamani, sio hivyo. Kwenye paneli ya majaji 11, watano kazi yao ni kuangalia hao wawili wanaendana vipi, sita waliobaki ndo wanamwangalia kila mtu kivyake, watatu kwa watatu. Na kwenye kila kundi la majaji wakishakata alama ya juu kabisa na ya chini kabisa, zinabaki tano za kuhesabu, tatu kati ya hizo ni za kuendana! Kwa hiyo wakikosea wote kwa namna moja, bado kwenye kuendana wanaweza kuokota alama nzuri tu, hapo ndo huwa nacheka mwenyewe.

Utamu wenyewe uko juu kule. Waangalie wakiwa ukingoni mwa jukwaa la mita 10, mmoja anahesabu kwa sauti ya chini, mikono inapanda pamoja, halafu cheki wanavyoruka: je wamefika kimo kimoja? wako mbali sawa na jukwaa? magoti yamekunjwa wakati mmoja? Hizo ni kama sekunde mbili hivi mpaka majini, ukipepesa macho imekula kwako, ndo maana mi marudio ya taratibu siyakosi, unakuta mmoja kachelewa kujinyoosha kidogo tu, wakati mara ya kwanza ulikuwa unaapa wako sawasawa.