Una chuma mwilini? Tuambie, usijifukuze mwenyewe

Hapa Mbeya, tunapopiga picha za MRI (mashine inayotumia sumaku kuona ndani ya mwili), nimechoka kusikia hii: "Mwenye chuma mwilini haingii MRI." Kijana wa bodaboda aliyefungwa chuma mkononi baada ya ajali anavumilia goti linalomlegea kwa sababu jirani kamwambia sumaku itakichomoa. Si kweli. Vyuma vingi vya kuunga mifupa ni vya titaniamu au aina ya chuma isiyovutwa kwa nguvu, tena vimekazwa kwenye mfupa. Kinachotusumbua zaidi ni kwamba huvuruga picha ya sehemu vilipo. Chuma kikiwa mkononi, picha ya goti hutoka safi. Kikiwa gotini penyewe, tunabadilisha mipangilio, au daktari anachagua kipimo kingine.

Kinachoniuma ni kwamba dhana hii inafundisha watu kuficha. Mgonjwa ametoka Tukuyu kwa nauli ya kukopa, anaogopa kurudishwa, tukimuuliza anajibu "sina". Tafadhali, usifanye hivyo. Betri ya moyo, klipu ya mshipa wa ubongo, kifaa kilichopandikizwa sikioni: vingine vinaruhusiwa, vingine vinaweza kuua, na lazima tujue aina kabla hujaingia. Nanyi mafundi wa kuchomelea na wa grenda pale Mwanjelwa, hamjawekewa chuma na daktari, lakini cheche iliyobaki jichoni inaweza kusogea na kuharibu jicho. Semeni, tutapiga eksirei ya macho kwanza. Ukifanyiwa upasuaji, piga picha ya karatasi inayoeleza ulichowekewa kwa simu siku hiyohiyo unayoruhusiwa. Karatasi hupotea.

Eti lazima ushinde njaa? Kwa goti, bega au msuli, kula na umeze dawa zako kama kawaida, isipokuwa umeambiwa utapewa usingizi. Mwenye kisukari anayemeza dawa bila kula anajitafutia kuanguka.

Eti ni mionzi kama ya eksirei? Hapana, ni sumaku na mawimbi ya redio. Mjamzito atuambie hata hivyo.

Eti mashine ikinyamaza sumaku imezimwa? Haizimwi, hata usiku. Ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) inaishinda ya dunia kwa takriban mara 30,000. Kwa hiyo hata ndugu anayekusindikiza chumbani anaacha nje funguo, simu na pini za wigi.

Kama maumivu hayakuruhusu kutulia dakika 20 hadi 40, mwambie daktari mapema akupangie dawa ya kutuliza. Na eksirei zako za zamani, njoo nazo zote.